Uchumi ulirudi, robota langu halikurudi

Swali: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nimeuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Kibuye tangu 2011. Kabla ya korona nilikuwa nafungua marobota mawili kwa mwezi, chama chetu cha kuchangiana cha akina mama kumi na wanne kilikuwa kinazunguka vizuri, na binti yangu alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Leo nauza fagia, yale mabaki ya robota, juu ya gunia. Chama kilikufa. Binti alipata mimba shule zilipofungwa. Sasa mtoto ameshakua kidogo na mama yake anataka kurudi darasani lakini anaona haya. Halafu kila nikiwasha redio nasikia kwamba baada ya korona uchumi wa Kenya ulirudi kwa nguvu kuliko zamani. Ni uchumi upi huo? Ni mimi niliyezembea? Na je, nikope nianze tena?

Jibu: Mama, hukuzembea. Redio nayo haikusema uongo, ingawa najua jibu hilo linaudhi.

Takwimu unazozisikia ni za Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS. Pato la taifa lilipungua kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha likakua kwa asilimia 7.5 mwaka 2021. Hebu tuzipige hizo namba kama unavyopiga mauzo yako ya jioni. Tuseme mwaka 2019 nchi nzima iliuza ya shilingi 100. Mwaka 2020 ikauza ya 99.70. Ongeza asilimia 7.5 juu ya hapo, unapata kama 107. Sasa kama korona isingekuja, na tungekua kwa ile asilimia 5 tuliyoizoea kila mwaka, tungefika 110. Kwa hiyo hata huo mwaka wa kusifiwa tulikuwa bado nyuma ya pale tulipopaswa kuwa. Na Wakenya wenyewe wanaongezeka kwa zaidi ya asilimia 2 kila mwaka. Ukigawa ile 107 kwa midomo iliyoongezeka, kila mmoja anabaki na kama 102 na kitu, tena kwa wastani, na wastani humweka mwenye hoteli kikapu kimoja na mwosha vyombo wake.

Nikitaja hoteli ninakusudia. Biashara ya malazi na vyakula ilianguka kwa asilimia 47.7 mwaka 2020, ikapanda kwa asilimia 52.5 mwaka 2021. Mtu akisikia hivyo anadhani imepanda kuliko ilivyoanguka. Hapana. Kama ilikuwa 100, ilianguka hadi 52.30, asilimia 52.5 ya hiyo iliyobaki ni kama 27, jumla karibu 80. Bado ina shimo la 20. Kushuka huhesabiwa juu ya kitu kikubwa, kupanda juu ya kitu kilichokwisha kuwa kidogo. Ndiyo maana mfanyabiashara aliyepoteza nusu ya mtaji wake hahitaji kukua kwa asilimia 50 ili arudi alipokuwa. Anahitaji asilimia 100. Elimu nayo ilishuka kwa asilimia 10.8, kisha ikapanda kwa 21.4, na sehemu kubwa ya kupanda huko ni milango ya madarasa kufunguliwa tu na walimu kurudi mbele ya ubao.

Hiyo ndiyo hesabu. Lakini haielezi kwa nini wengine walirudi na wewe hukurudi, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nitoke Kisumu niende Naivasha. Mwezi wa Machi 2020 ndege za abiria zilisimamishwa, mnada wa maua kule Uholanzi ukaporomoka, na mashamba ya kando ya ziwa yakawa yanatupa mawaridi yaliyokwisha kukatwa. Wafanyakazi kwa maelfu walitumwa nyumbani. Ukiangalia siku zile ungesema mambo ya maua yamekwisha. Lakini ndani ya miezi michache ndege za mizigo zilipopata nafasi, maua yalianza kusafiri tena. Kwa nini? Kwa sababu vibanda vya maua vilikuwa pale pale, mashina ya mawaridi yalikuwa ardhini, pampu za maji zilikuwepo, na mkopo wa benki ulikuwa umesogezwa mbele. Mtambo ulizimwa tu. Robota lako la nguo za watoto halizimwi, Mama. Linaliwa. Siku wateja walipokosa kuja uliuza kwa hasara ili upate unga, na faida ilipoisha ukala mtaji, kwa sababu mtoto hawezi kuambiwa angoje hadi uchumi ufunguliwe. Biashara yako na jikoni kwako vina mfuko mmoja. Hilo halikuwa kosa lako la uhasibu. Ndivyo ilivyo kwa Wakenya wengi, maana zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nchini wako kwenye sekta hii tunayoiita jua kali.

Sasa tazama msaada ulivyopita. Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya, na kufikia mapema 2021 mikopo iliyopangwa upya ilikuwa ya thamani ya shilingi trilioni 1.7, zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki. Mkubwa mwenye deni alipumua. Wewe deni lako lilikuwa la chama, na chama hakina Benki Kuu nyuma yake. Serikali iliwaondolea kodi ya mshahara wote wanaolipwa hadi 24,000 kwa mwezi, ikapunguza kiwango cha juu kutoka asilimia 30 hadi 25. Vizuri sana kwa mwenye hati ya mshahara. Ikapunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 2020. Lakini unga wa mahindi na sukuma wiki havikuwa na VAT tangu mwanzo, na mwenye kununua televisheni ndiye aliyeona tofauti. Mwaka mpya wa 2021 ulipoingia, ikarudi 16. Kitu kimoja nakikubali bila kinyongo: kutuma pesa kwa M-Pesa bila malipo hadi shilingi 1,000, kuanzia Machi hadi mwisho wa mwaka 2020. Hiyo ilifika Kibuye, ilifika hadi Nyakach na Ugenya.

Tatizo ni kwamba wa kutuma naye alikuwa ameishiwa. Huku kwetu magharibi, kuanzia Kisumu hadi Busia, tunaishi kwa mashamba, kwa ziwa, na kwa simu za jamaa walioko Nairobi, Mombasa na Nakuru. Kijana wa ujenzi au wa hoteli hutuma elfu mbili mwisho wa mwezi, mama yake anakuja Kibuye kuwanunulia wajukuu nguo. Tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ilifungwa, usitoke usiingie, mpaka Julai. Wengi wetu tunakumbuka simu zilivyogeuka mwelekeo: mtoto wa mjini akampigia mama kijijini kuomba mahindi. Pesa za ng'ambo, kinyume na tulivyohofia, ziliongezeka mwaka ule na kupita dola bilioni 3. Lakini hizo huja kwa mwenye mtu Minnesota au London. Mwenye mtu Kayole ya Nairobi hazimhusu.

Kwako wewe kulikuwa na jambo la ziada ambalo watu wa redio hawalikumbuki. Mwanzoni mwa ule mlipuko serikali ilipiga marufuku kuingiza mitumba, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Aliyekuwa na mzigo ghalani aliweza kuupandisha bei. Wewe unayenunua robota mojamoja ulikuwa unagombania kilichobaki, na kwa wateja waliokuwa hawana pesa. Halafu kafyu. Ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyeitunga saa ile nadhani hakuwahi kusimama Kondele saa kumi na mbili na nusu, watu wakitoka kazini, mama wa samaki wa kukaanga akiwa ndiyo kwanza mafuta yamepata moto. Biashara ya jioni haikuhamia asubuhi. Mtu hanunui chapati ya saa mbili usiku saa nne mchana.

Kuna soko lingine lililofungwa ambalo hakuna waziri aliyelitaja kama soko, nalo ni matanga. Mimi ni mmoja wa waliokuwa wakikashifu mazishi ya kwetu kwa gharama zake: mahema, viti, jenereta, ng'ombe wawili, mpiga video, basi la kukodi, jeneza la vioo. Nimeandika hayo na sijayafuta yote. Lakini amri ilipokuja kwamba mazishi ni watu kumi na watano wa familia basi, niliona nilichokuwa sijakiona. Mchango wa mazishi ndio njia ambayo mshahara wa afisa wa Nairobi hufika kwa seremala wa Luanda ya Vihiga, kwa mpishi wa Yala, kwa kijana wa kukodisha viti, kwa muuza ng'ombe wa sokoni, na hata kwako, maana waombolezaji hawaendi matangani na watoto waliovaa matambara. Ni kodi isiyokusanywa na serikali. Ilipokatwa, wale wote walikaa. Ni kweli pia kwamba familia zilizofiwa mwaka ule ziliokoa pesa nyingi, na baadhi yao waligundua kwamba mtu akizikwa kwa siku mbili haamki kudai ng'ombe. Hilo la ndani tungelijadili kwa amani, kama tusingeoneshwa lile la Siaya, Aprili 2020, mtu akizikwa usiku na watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, jamaa wakitazama kwa mbali. Baada ya hapo watu wa kwetu waliogopa kipimo kuliko ugonjwa, na asiyepima hatibiwi.

Wazee wananiambia kwamba Nyanza ilikwisha pitia zaidi ya hayo na UKIMWI, ambao serikali iliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Ni kweli, lakini majanga haya mawili yalipita njia tofauti. Ule uliwachukua wazazi katika umri wa kulima na kuvua, polepole, ng'ombe mmoja baada ya mwingine akiuzwa kwa ajili ya dawa, mpaka nyumba ikabaki na bibi na wajukuu. Korona, kwa hesabu rasmi, iliua watu zaidi ya 5,600 nchini kote. Kwa nyumba nyingi haikumchukua mtu. Ilichukua mzunguko wa pesa, kwa ghafla, kwa kila nyumba siku moja. Ndiyo maana chama chako kilikufa. Chama hustahimili mama mmoja akifiwa au wawili wakiugua. Kumi na watatu humbeba mmoja. Hakikuundwa kwa siku ambayo wote kumi na wanne wanahitaji kubebwa.

Hata hivyo ukiniuliza ni lini hasa ulipotea, sidhani ni 2020. Nadhani ni 2021, mwaka ule ule wa 7.5. Madaraka Dei ya tarehe 1 Juni ilisherehekewa hapa Kisumu, kirusi cha Delta kikiwa kimekwisha kugunduliwa papa hapa Kisumu. Siku kumi na saba baadaye kaunti 13 za magharibi na Nyanza, kuanzia Trans-Nzoia hadi Migori, Kericho na Bomet zikiwemo, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni na masoko ya mifugo na yasiyo ya vyakula yakaagizwa kufungwa kwa siku 30. Wiki iliyofuata magari ya Safari Rally yalikuwa yakitimua vumbi Naivasha. Sisemi kwamba ugonjwa haukuwepo. Ulikuwepo, na hospitali zetu zilikuwa zinatafuta oksijeni. Nasema tu kwamba wakati nchi inapanda, sisi tuliteremshwa mara ya pili, na safari hii bila ile nafuu ya VAT na bila akiba yoyote. Mwaka 2020 ulikula robota. Mwaka 2021 ulikula nauli ya kwenda kulifuata.

Halafu karo. Hapa naomba uhesabu pamoja nami, kwa sababu wazazi wengi walilaumiana ndani ya nyumba bila kujua kilichowapiga. Shule zilifungwa kwa karibu miezi tisa. Ili kufidia, wizara ilibana kalenda. Kuanzia Januari 2021 hadi Novemba 2022 watoto walisoma mihula minane. Kwa kawaida kipindi hicho kingekuwa na mihula sita. Yaani mzazi aliyetoka kula mtaji wake aliletewa karo za mihula miwili zaidi ya kawaida ndani ya miezi 23, na kati ya muhula na muhula palikuwa wakati mwingine siku kumi tu. Fedha ambazo zingekuwa robota ziliingia kwenye akaunti ya shule. Ongeza na bei ya unga iliyopita shilingi 200 kwa pakiti ya kilo mbili katikati ya 2022. Sijui mfanyabiashara mdogo ambaye angekua katika hali hiyo.

Kuhusu binti. Umeliandika kwa mstari mmoja, lakini naona ndilo lililokufanya uandike. Watafiti waliofuatilia wasichana wa sekondari huko Siaya, jirani zako, walilinganisha waliofungiwa nyumbani na waliotangulia kumaliza kabla ya korona. Waliofungiwa walikuwa na hatari ya kupata mimba mara mbili ya wenzao, na ya kuacha shule mara tatu. Wasichana walikuwa wa vijiji vile vile, na mama wa aina ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa na bweni wala darasa, na nyumbani hapakuwa na pesa ya pedi. Kwa hiyo anayekuambia hukumlea binti yako, mwambie awalee hao wote wa Siaya.

Sasa mkopo. Usikope kwa simu kununua robota. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hukutoza kila siku deni linapolala, na robota la nguo za watoto linaweza kuchukua wiki tatu kuisha. Faida yako itamalizwa na siku za mvua. Mfuko wa Hasla ulioanzishwa mwishoni mwa 2022 una riba nafuu, asilimia 8 kwa mwaka, lakini wengi huanzia shilingi 500 na hulipwa ndani ya siku 14. Huo ni mtaji wa nyanya. Utumie kujenga jina, usiutegemee kukuinua.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Tafuta wenzako wawili mnaoaminiana, mnunue robota moja kwa ubia, mlifungue pamoja, mgawane kwa zamu: mmoja anachagua kwanza leo, mwingine kesho kutwa. Tuseme robota ni 18,000. Kila mmoja anatoa 6,000 na kila mmoja anapata kamera chache, zile nguo bora za robota, badala ya fagia tupu. Fagia haiui biashara kwa bei yake ndogo tu. Inaiua kwa sababu mama aliyezoea kupata nguo nzuri kwako akikuta fagia mara tatu hapiti tena. Wateja wa zamani ndio sehemu ya mtaji wako ambayo haijaliwa, wengine bado wana namba yako. Na ile 6,000 iwe na mfuko wake, mbali na wa jikoni, hata kama ni kopo linalotunzwa kwa jirani.

Chama kifufueni, lakini msianzie mlipoachia. Vyama vingi nilivyoona vikishindwa kurudi vilikwama kwenye daftari la 2020: nani alikuwa amepokea, nani hajapokea, nani alikimbia na deni. Kaeni siku moja, msomeane hayo madeni kwa sauti, mkubaliane kuyafuta au kuyalipa nusu, kisha daftari jipya. Mchango uwe mdogo kuliko ule wa zamani, hata 50 kwa siku, na sehemu yake isigawiwe, ikae. Kama mlikuwa mnazunguka kila wiki, zungukeni kila siku kumi na nne. Atakayekataa kufuta deni la mwenzake aliyefiwa, mwacheni nje.

Na binti arudi shule. Miongozo ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2020 inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi darasani, katika shule yake ya zamani au nyingine ya karibu ambako hawamjui, ikiwa haya ndiyo yanamzuia. Umri haumkatazi. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na cheti chake cha kuzaliwa na ripoti zake za kidato cha pili. Ukiambiwa hakuna nafasi kwa mama wa mtoto, omba kwa heshima uandikiwe hivyo kwenye karatasi yenye muhuri, uipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mara nyingi nafasi hupatikana kabla muhuri haujatafutwa.